Hesabu za Hogoro

Siku ya kwanza: mia mbili na arobaini.
Nimeandika kwa penseli, kwenye daftari la shule
lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
Mtoto wa mbuzi hajakauka, ute unamng'aa sikioni.
Nimeweka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto
na ninachosikia si mapigo,
ni mvua ya mawe juu ya bati.

Bi Sechelela, mwenye tembe na mwenye mbuzi,
kasimama mlangoni na kibuyu mkononi:
"Hesabu maziwa, bwana mifugo.
Moyo haukamuliwi."

Nikapiga makofi karibu na kichwa chake. Mia mbili na arobaini.
Nikamfunika gunia, akasinzia. Mia mbili thelathini na nane.
Hofu na usingizi kwake bado ni chumba kimoja.
Lori la mahindi la Kibaigwa,
mguu wa dereva umelalia mafuta,
na breki ziko dukani.

Chuoni Mpwapwa mwalimu Chilongani alichora ubaoni kamba mbili.
Hii, alisema, inatoka uti wa mgongo: mchochezi.
Hii inashuka kutoka shina la ubongo,
inapita shingoni, inazurura mpaka tumboni,
na njiani inaugusa moyo, inauambia: taratibu.
Mtoto huzaliwa nazo zote.
Ila kuwa nazo si kuzitumia.
Wakati ule niliandika tu, nikafaulu mtihani.

Leo naielewa kwa nguzo zilizosimama mbele ya tembe hii
tangu mwaka juzi:
waya umevutwa, vikombe vimefungwa,
njiwa wanatua juu yake,
na Bi Sechelela bado ananunua mafuta ya taa.

Siku ya tano: mia mbili na kumi.
Siku ya saba pacha wake alikufa.
Huyo hakuwahi kuyumba, asubuhi wala usiku,
sawasawa kama mashine ya kusaga,
na mimi, mjinga, pembeni ya namba zake
nilikuwa nimeandika: *ametulia*.
Bi Sechelela hakusema neno. Alichukua jembe.

Siku ya tisa nilisikia kitu, nikavua stetoskopu,
nikapuliza mchanga, nikaivaa tena.
Akivuta pumzi, moyo unakazana.
Akiitoa, unalegea.
Akivuta, unakazana.
Akiitoa,
unalegea.
Mtu wa kumwambia sikuwa naye,
nikamwambia mama yake, aliyekuwa anatafuna kamba yangu ya kiatu.

Siku ya ishirini na moja nililala humo humo ndani,
katikati ya joto lao na harufu ya mkojo,
vidole vyangu chini ya ubavu wake.
Saa nane fisi akalia korongoni.
Moyo ukasimama.
Hapana, haukusimama: ulijikunja.
Moja.
Nikasubiri.
Mbili.
Mwili mzima umeganda, masikio tu yanageuka,
na ule mshipa mzururaji, uliochelewa wiki tatu,
umeushika moyo shingoni, unauambia: nyamaza, asikusikie.
Kisha fisi akalia mbali zaidi, upande wa barabara,
na mchochezi akafungua mlango,
na moyo ukatoka mbio kama watoto saa ya mapumziko.

Asubuhi sikujua niandike namba gani.
Niliandika: *alisikia*.

"Namba ngapi leo?" aliuliza Bi Sechelela,
yeye ambaye hajawahi kuuliza.
Nikamwonyesha. Akatazama neno lile, hasomi,
akaweka kibuyu chini,
akateremsha kanga begani kidogo.
"Haya. Na huu wangu?"

Akivuta pumzi.
Akiitoa.
Nilisikiliza kwa muda mrefu, mrefu kuliko inavyohitajika.
Ulikuwa sawasawa.
Sawasawa kabisa.
"Unaniambia nini?" akasema.
Nikatafuta penseli. Ilikuwa sikioni mwangu
tangu jana.